Kwaya Ilipoiombea Kompyuta ya Telesphory

Telesphory wa Buzebazeba hakujua kumfukuza mgeni. Ukimbishia hodi anakula, atakuambia umekuja wakati mzuri, hata kama kwenye sahani kimebaki kichwa cha samaki mgebuka na ugali wa kuoneana haya. Ndivyo alivyolelewa kwao Heru Juu, ambako salamu ni kazi kamili: mnapiga makofi, mnainamiana, mnaulizana habari za watoto, mihogo na mbuzi, na mwenye haraka huonekana ana lake jambo. Tabia hiyo ilimpatia marafiki wengi mjini Kigoma. Na mwaka wa pili tangu Warundi waliokimbia machafuko ya kwao wafurike Kagunga, kule mpakani, ikampatia pia mfumo mpya wa kompyuta.

Ujana wake wote alikuwa fundi redio. Watu walipoanza kununua simu zenye redio ndani, alibaki na kisanduku chake cha bisibisi kama mkunga katika kijiji cha wazee watupu. Kisha mtumishi mmoja aliyehamishiwa Tabora akamwachia kompyuta, naye akageuza chumba cha nyuma kuwa studio. Ukutani akabandika trei za mayai, mlangoni mkewe Domitila akatundika blanketi, na kuku wakawa wanahamia kwa jirani siku za kurekodi. Humo zilipita kwaya za makanisa, kaswida za vijana wa Ujiji, hata tangazo la muuza dagaa wa Katonga aliyechoka kupayuka kwa koo lake mwenyewe.

Ile kompyuta alikuwa ameizoea kama mtu anavyoizoea njia ya msalani gizani. Lakini tangu mwanzo wa mwaka ule, kila alipoiwasha, kijikaratasi kilichomoza kwenye kona ya kioo na kumwambia kuwa mfumo mpya uko tayari, ni wa bure, je, anaupokea? Telesphory alikuwa akibonyeza penye neno la baadaye, na kila alipobonyeza moyo ulimwuma kidogo.

Rodgers alimwonya. Huyu Rodgers alikuwa kijana kutoka Moshi, mtaalamu wa kompyuta katika ofisi moja pale mjini, na ndiye aliyekuwa akimsaidia mambo yakimshinda.

"Mzee wangu, usiukubali mpaka nije," alimwambia. "Ukiingia bila kuongozwa utakuhamishia kila kitu."

Telesphory aliitikia. Lakini Jumatano moja jioni, kijikaratasi kilipochomoza tena, aliona sasa ni ukatili.

"Umebisha hodi miezi yote hii, Mama Oswald," alimwambia mkewe. "Hata mchumba angekuwa ameshakata tamaa."

"Mchumba ungemuuliza kwanza anatoka ukoo gani," alijibu Domitila.

Akabonyeza pa kukubali. Kompyuta ikasaga mpaka wakaenda kulala wakaiacha inasaga.

Asubuhi yake, Alhamisi, ndiyo kwaya ya Mwalimu Habonimana ilikuwa inakuja kurekodi, na siku hiyo haikuwa ya kuahirishwa. Alikuwa anakuja Mama Carmen.

Mama Carmen alitoka Nyanza-Lac, Burundi. Alivuka na wenzake hadi Kagunga wakati ule mbaya, akaletwa Kigoma, akapokewa na dada yake aliyeolewa Buzebazeba tangu zamani. Kwenye kwaya ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mmoja aliutunga mwenyewe, kwa Kirundi, na ndani yake alimkabidhi Mungu vitu alivyoviacha siku ile ya kukimbia: maharage jikoni, kuku atamiaye, mlango ulioachwa wazi. Wengine walijaribu kuuimba, lakini kwao ulisikika kama tangazo la mali iliyopotea. Kwake yeye watu waliinama. Na sasa Mama Carmen alikuwa anarudi nyumbani. Boti ya Kagunga ingeondoka mwalo wa Kibirizi siku hiyohiyo mchana, yaani itakapojaa, na kwaya iliapa kwamba mama ataondoka, ila sauti yake lazima ibaki.

Telesphory aliingia studio mapema. Kwenye kioo alikuta picha ya ufuko mweupe wenye mawe makubwa, na saa. Hakuna kingine. Akaketi akaisubiri ile picha imalize. Picha haikumaliza. Domitila alipoleta chai alimkuta bado ameikazia macho.

"Ni wapi hapo?"

"Sijui. Naona wananionyesha kwao kwanza."

Domitila akaweka kikombe mezani, kiwiko kikagusa kibodi, ile picha ikapaa juu na mahali pa kuandikia neno la siri pakatokea. Telesphory akajifunza la kwanza: ile picha ni pazia tu, na kitufe chochote hulifunua.

Nyuma ya pazia hakuitambua nyumba yake. Palipokuwa na orodha ya programu pamejaa vigae vya rangi vilivyokuwa vikijigeuza vyenyewe. Kimoja kilimpa hali ya hewa ya mji asioujua, kwamba leo kuna theluji. Kingine kilimwalika mchezo wa karata. Alama ya programu yake ya kurekodi haikuwepo. Akaitafuta kila pembe mpaka mausi ikaanza kuteleza kwa jasho la mkono. Mwisho, kwa kuchoka tu, akaandika jina la programu hiyo kwenye kisanduku cha chini kilichokuwa wazi, nayo ikaja mara moja, kama mtoto aliyekuwa anangoja aitwe. Akaibandika chini pale isimpotee tena. La pili hilo.

Kwaya ikafika. Wakasalimiana kwa mapana yake, Waha kwa makofi, Warundi kwa kukumbatiana na kugongana mabega, huku Mama Carmen na mfuko wake wa safari wakiwekwa kwenye kiti cha mbele. Alikuwa mwembamba, mwenye kitenge kipya, na uso wa mtu aliyekwisha kumaliza kulia tangu jana.

"Amahoro, Mzee Telesphory. Mashine imeamka?"

"Imeamka, Mama Carmen. Ila imeamka mtu mwingine."

Akampanga kila mtu mahali pake, akavaa hedifoni, akawaambia waanze. Kwaya ikaimba ubeti mzima. Kwenye kioo, ule mstari unaotakiwa kurukaruka kama dagaa kwenye ndoo ulibaki umelala. Akabadili waya. Umelala. Akapuliza maiki, akaigonga kwa ukucha, kisha, kwa mazoea ya miaka mingi ya redio, akaipiga kompyuta kofi la ubavuni. Mstari ukalala vilevile.

Akampigia Rodgers. Hapatikani. Akampigia tena. Rodgers alikuwa safarini Kibondo, na barabara ile ina mabonde ambayo simu hazifiki.

Simu ya Mama Carmen ndiyo iliyoita. Alikuwa Bonifasi, mtu wa boti.

"Mama, magunia ya vitunguu yamekwisha pakiwa. Bado watu."

"Nakuja, mwanangu. Niko kanisani," alisema Mama Carmen, akakata. Wenzake wakamtazama. "Kwaya iko hapa, mwalimu yuko hapa. Kuna kanisa gani zaidi?"

Mwalimu Habonimana alikuwa mtu mpana, mpole, aliyekuwa akifundisha Bururi kabla ya kukimbia. Alisogea akaiangalia kompyuta kama anayemtazama mgonjwa wa jirani.

"Mzee, turuhusu tuiombee."

Telesphory angewezaje kukataa maombi? Akasema karibuni. Kwaya ikaizunguka meza, na kama walivyozoea kwa wagonjwa, wakaiwekea mikono. Wa mbele wakashika kioo na kile kisanduku kikubwa cha chini, mmoja akashika nyaya, na wa nyuma wasiofika wakashika mabega ya wa mbele ili neema ipite. Habonimana mwenyewe aliutandaza mkono wake wa kulia juu ya kibodi, akidhani ndipo penye kifua.

Telesphory alikuwa akiomba jicho moja wazi kila alipokuwa karibu na umeme. Kwa jicho hilo aliona kijikaratasi kikichomoza kwenye kona. Kilisema kompyuta inahitaji kujizima na kujiwasha ili imalize kazi: sasa hivi, au baadaye? Na lile la sasa hivi ndilo lililokuwa limechaguliwa, linangoja kidole tu.

Akataka kusema. Lakini mtu anamkatizaje mwenzake katikati ya maombi? Habonimana alikuwa ndiyo kwanza ameanza na uumbaji wa dunia. Telesphory akajikohoza. Mama mmoja wa sauti ya pili akadhani amejawa na roho, akamshika mkono asisogee. Basi akasubiri, akikitazama kile kiganja kipana kikipanda na kushuka kwa kila sentensi bila kugusa, mpaka walipofika kwenye "Amina", ambayo Habonimana aliitilia uzito wa mwili wake wote.

Kioo kikawa cheusi.

Kisha mwanga mdogo ukazuka katikati, ukaanza kuzunguka. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Imepona," alisema Habonimana.

"Imekwenda kujitengeneza," alisema Telesphory. "Inasema nisiizime."

"Kwa muda gani?"

"Hilo haisemi."

"Kama daktari wa zahanati," alisema Mama Carmen, akautazama mfuko wake.

Chini ya ule mwanga palikuwa na hesabu ya asilimia iliyopanda kwa maringo. Ilipofika thelathini ikakaa hapo, ikapumzika. Kwaya ikataka kufanya mazoezi, Habonimana akamkataza Mama Carmen asiitumie sauti bure, naye akawa anatikisa kichwa tu na kusahihisha wengine kwa kidole. Domitila akaleta mihogo ya kuchemsha na karanga. Bonifasi akapiga tena kusema sasa kuna abiria, tena wa kutosha. Telesphory alikaa mbele ya kioo mikono mapajani. Kichwani alikuwa akipanga namna ya kumwambia mama wa watu kwamba atasafiri na sauti yake kwa sababu yeye Telesphory alikosa moyo wa kumwambia kijikaratasi hapana. Hakuipata namna.

Asilimia zikaamka, zikakimbia, zikakamilika. Pazia lile la ufuko likatokea. Telesphory akalifunua kwa kidole kimoja bila hata kuliangalia, akaifungua programu yake, akaongea kwenye maiki. Mstari umelala. Akajirudisha nyuma kitini. Domitila, aliyemjua, akaacha kugawa karanga.

Hapo simu ikaita. Rodgers.

"Shikamoo mzee. Nimekuta umenitafuta sana."

"Marahaba. Rodgers, niliukubali."

"Nilijua tu. Nini hakifanyi kazi?"

"Haisikii. Maiki ni nzima, waya ni mzima, kwaya ni nzima."

"Usiguse waya tena. Fungua setingi, ile alama ya gurudumu lenye meno. Umeiona? Sasa tafuta palipoandikwa faragha."

"Pana kufuli."

"Hapohapo. Ingia, tafuta kipaza sauti. Kimewashwa au kimezimwa?"

Telesphory akasogeza miwani. "Kimezimwa. Lakini mimi sikukizima."

"Mfumo ndio umekizima. Unakulinda."

"Na nani?"

"Na watu wa kukusikiliza bila ruhusa yako."

Telesphory akageuka akaitazama ile kwaya iliyobanana kati ya trei za mayai, wenye karanga mkononi, wanamtolea macho.

"Rodgers," alisema kwa upole, "hapa nina watu wanaotaka kusikilizwa."

"Basi upe ruhusa. Sogeza kile kitufe kulia. Halafu nenda kwenye mambo ya sasisho uiambie saa zako za kazi, maana wewe umeiacha ijipangie. Ikizijua, haitajizima katikati."

"Kumbe na mimi nina saa za kazi."

"Weka kuanzia asubuhi mpaka usiku, mzee. Na siku nyingine ikibisha hodi, usijibu."

Habonimana alikuwa amesikia yote, maana simu ya Telesphory ilikuwa ya kupaza sauti. "Huko tulikotoka tulisikilizwa na hakuna aliyetuuliza," alisema. "Huu angalau unauliza."

"Uulize upesi," alisema Mama Carmen. "Bonifasi hajui faragha, anajua boti kujaa."

Telesphory akasogeza kitufe, akaitajia mashine saa zake za kazi, akasema neno moja kwenye maiki. Mstari ukaruka. Akainua mkono juu bila kugeuka, na chumba kizima kikanyamaza.

Waliimba mara moja tu, kwa sababu nafasi ilikuwa ya mara moja. Mama Carmen alisimama akiwa amefumba macho, mfuko wa safari umeegemea mguu wake. Maharage yakapita, Mungu ayatazame yasiungue. Kuku akapita na mayai yake. Alipofika kwenye mlango alioacha wazi, sauti ikapanda kama kawaida, kisha katikati ya neno akacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha mtu aliyekumbuka kwamba kesho atasimama mwenyewe mbele ya mlango huo, uwe upo au haupo. Kwaya ikambeba mpaka akairudia njia, wakamaliza.

Telesphory akamvalisha hedifoni. Alisikiliza akiwa amekunja uso, kama anayepimiwa dagaa sokoni, na mwishoni akazivua haraka.

"Nimecheka. Wimbo wa kanisa, na mimi nimecheka. Turudie."

Simu yake ikaita. Hakuipokea, wote walijua ni nani. Habonimana akaubeba mfuko, Mama Carmen akashikwa mkono na dada yake, na kwaya ikaanza kumiminika kutoka kuelekea Kibirizi.

"Basi ukitoe hicho kicheko, Mzee Telesphory," alisema akiwa mlangoni, kando ya blanketi. "Mashine hizi zinaweza. Nimeambiwa zinaweza."

"Zinaweza," alisema Telesphory.

"Utakitoa?"

"Nenda na amani, mama. Boti inakungoja."

Alisubiri mpaka sauti zao zilipopotelea barabarani. Kisha akauhifadhi wimbo, na kicheko ndani yake, na kwa kuwa bado hakuuamini sana ule mfumo, akauhifadhi tena mahali pengine.