Nywele Zilizobaki Hospitalini

Nilipokuwa na miaka saba hivi, katikati ya miaka ya hamsini, mapunye yalikula kichwa changu mpaka wenzangu wa kijijini kwetu Kashebere wakaniita Ramani, kwa sababu ya ile ramani ya Kongo iliyobandikwa darasani. Mama akanipandisha lori la muhogo, tukaenda hospitali ya mbali yenye mashine ya miali ya eksirei ya kutibu mapunye. Mtawa alinikalisha kitini, akaniambia nisitikisike. Sikuhisi chochote. Nilijiona shujaa kwa kukaa tu, na hadi leo sijapata kazi ninayoiweza zaidi ya hiyo.

Baada ya wiki tatu, tukiwa bado hospitalini, nywele zilianguka zote. Kwetu nywele za mtoto haziachwi ovyo, zisije zikamrudia kwa ugonjwa. Mama yake huzizika chini ya mgomba. Mama aliziokota mkekani, lakini nyingi mfagiaji alikuwa amekwisha kuzitupa. Mapunye yalipona. Jambo hilo la nywele halikupona moyoni mwake.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye, nikiwa na diploma ya chuo kikuu na upara wa mapema, kichwa kilianza kuuma, kisha mkono wa kushoto ukawa unaangusha vikombe. Daktari wa mjini akaona uvimbe kwenye utando wa ubongo. Akauliza kama kichwa changu kiliwahi kupigwa miali. Nikakana, kwa uhakika wa msomi aliyekwisha kukisahau kile kiti.

"Iko uongo, Dokta," akasema mama, aliyenisindikiza. "Walimupiga, wakati wa mapunye."

Daktari akaeleza kwamba wachache sana hupata uvimbe huo, miaka mingi baada ya miali. Ukiachwa, mkono utakufa, kisha macho. Ukitolewa, huenda nisiamke.

"Njo zile nywele niliacha zinakuuguza," mama akaninong'oneza.

"Si nywele, mama. Ni miali."

"Weye ulisoma. Lakini nani alikumbuka?"

Nikasema nitapasuliwa.

"Utapasuliwa. Lakini mara hii siachi hata moja."

Siku ya kupasuliwa, muuguzi aliponinyoa, mama alitandaza kitenge chini ya kiti. Kwa upara wangu, kazi haikuwa kubwa. Hata hivyo upepo ukapeperusha kishungi kimoja chini ya kabati.

"Acha hiyo, mama, tutafagia," muuguzi akasema.

Mimi, mwenye diploma, nikashuka, nikapiga magoti, nikakifuata kwa mkono ule wa vikombe. Vidole vilikikamata mara ya tatu.

Mama akakitia kitengeni, akafunga fundo. "Sasa enda," akasema.