Mji wa Sadafu Bila Sadafu

Johari wa Junda alikuwa hajui kukaa. Ukimkaribisha kiti atakishika mgongo, atauliza habari za watoto, na kabla hujamjibu keshafika jikoni anafunua sufuria. Mamake akisema mtoto huyu kazaliwa na pilipili nyayoni. Aliolewa Malindi, akarudi. Akashona nguo, akachoka. Akauza udi na ubani, akaacha. Mpaka nduguye aliyekuwa Maskati alipomletea kamera ya video, mwaka wa tisini hivi, ndipo watu wa Kisauni walipomwona kwa mara ya kwanza amekishikilia kitu kimoja kwa zaidi ya mwezi.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za kupamba. Siku hiyo bibi harusi huketishwa kwenye kiti chake amerembwa, na wanawake hujaa ukumbini peke yao, mabuibui yamevuliwa, nywele wazi, dhahabu shingoni. Anayeshika kamera lazima awe mwanamke, na mkanda wake hauonwi na mwanamume yeyote, awe nani. Hufungiwa kabatini, ukatolewa mchana wanaume wako kazini, mapazia yakashushwa. Na sifa kubwa ya Johari ni kwamba mikanda yake haijapata kuvuja. Hata huyo nduguye aliyenunua kamera hajaonyeshwa ukucha wa mtu.

Sasa sikia kilichomtia wazimu. Timbwani, kule Likoni, aliishi Maalim Shee, mwalimu mstaafu, mtunzi wa vitabu sita vya Binti Sadafu. Vijitabu vyembamba vile, karatasi manjano, pini mbili katikati. Sadafu mamake anachukuliwa na majini, naye anamfuata: anapita nchi ya ndege wasemao, jangwa la chumvi, ngazi isiyo na mwisho, hadi kitabu cha sita anapofungua lango la mji ulio chini ya bahari. Wasichana wa Kisauni walivisoma mpaka vikatoka majalada. Johari alivisoma akiwa ndani ya ndoa yake mbaya, na wallahi ndivyo vilivyompa moyo wa kufunga mzigo akarudi kwao.

Basi akavuka feri, akaenda kuomba ruhusa avitie kwenye video.

Alimkuta Maalim barazani na bintiye Nana. Presha ya macho ilikuwa imelimaliza jicho la kushoto la mzee, na la kulia lilikuwa limebaki tundu tu la kuchungulia.

"Vyote sita?" Maalim aliuliza, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hata mimi niliyevitunga sivimalizi."

"Nitapunguza, Maalim. Kwa idhini yako."

"Punguza. Ndege wakate, jangwa likate. Ngazi ile ikate kabisa, niliiandika nikiwa na homa. Lakini mji wa chini ya bahari nauomba. Miaka yote hii nauandika na sijauona. Nionyeshe kabla jicho hili halijazima."

"Inshallah, Maalim, utauona."

Lo! Neno hilo likamkalia kooni. Tangu siku ile Johari akawa hali akashiba. Yuko sokoni anapima nazi, midomo inacheza: Sadafu anaingia na maneno gani? Majini wanaruka vipi pale Junda, kwenye ua wenye kamba za kuanikia nguo? Wachezaji aliwapata upesi, kwa sababu aliwaendea kina mama wa ngoma za harusi aliozoea kuwapiga picha. Kafedha, jirani yake Mgiriama, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo, alipewa ufalme wa majini na ndevu za wanja. Sadafu akawa Zubeda, aliyeolewa juzijuzi, mwenye nywele zinazofika kiunoni na mume mwenye wivu wa kuhesabu hodi mlangoni.

"Ila tusikilizane," Zubeda alisema, mikono kiunoni. "Mkanda huu ni kama wa kupamba. Hauonwi na mwanamume."

"Kwani mimi nimepata kuwaonyesha wanaume?" Johari alimjibu bila hata kugeuka, anapima mwanga dirishani.

Wakala yamini wote, Waislamu kwa msahafu, Kafedha kwa Biblia yake.

Ikawa vurugu tamu. Kuvipunguza vitabu sita viingie kwenye mkanda mmoja kulizua ugomvi kila jioni. Kafedha hataki ngazi ikatwe, kwa kuwa mfalme wa majini ndipo anapotisha. Mwingine hataki ndege waondoke. Johari akikata leo, kesho anarudisha, kesho kutwa anakata tena, mpaka Kafedha akamwambia, "Wee, huyu Sadafu atakufa uzee hajafika baharini!" Lakini mji waliujenga, na jamani waliujenga. Kwenye ukumbi wa nyumba ya kukodi ya mjomba wake Zubeda, iliyokuwa tupu ikingoja wapangaji, walitundika kanga za buluu toka darini hadi sakafuni, wakapanga masinia ya shaba, vioo na bangili, kisha kila mwanamke akafungua sanduku lake akatoa dhahabu ya harusi yake, wakaitandaza ukutani. Kafedha, asiye na dhahabu, alileta shanga za bibi yake. Moshi wa udi ukapita mbele ya kamera, Zubeda akafungua lango, akatembea humo nywele zimemwagika mgongoni.

Siku ya kuutazama mkanda, mapazia yalishushwa kwa Johari mchana mweupe. Vigelegele vilivyopigwa, majirani walidhani kuna posa. Mji ulipotokea, Zubeda mwenyewe akalia kujiona.

"Maalim Shee angeliona hili!" alisema akijifuta machozi.

"Maskini," mwingine akacheka. "Ataliona wapi, naye mwanamume?"

Johari alikuwa amesimama, kama kawaida yake. Katika kula yamini kote kule, kwa mazoea ya kazi yake, hakukumbuka hata mara moja kwamba aliyetunga ni mwanamume. Kwake, mkanda ni wa wanawake, basi. Alimwahidi Maalim jambo moja na akawaapia wenzake jingine, na yote mawili aliyasema kwa moyo safi!

Akawasihi. Wawili watatu wakaona haya kumnyima, mzee wa watu, jicho lenyewe moja. Lakini Zubeda alitikisa kichwa, na hakuwa mkorofi, alikuwa na hofu. "Da Johari, mume wangu akisikia nywele zangu zimeonwa na mwanamume, hata awe mzee namna gani, mimi narudi kwa mamangu. Unataka nirudi?"

Johari aliyejua kurudi kwa mama ni nini, akasema la.

Akajaribu njia nyingine. Akakaa na deki ya kuchezea mikanda, akipeleka mbele, akirudisha nyuma, atafute kipande cha mji mtupu akikate, akamwonyeshe mzee huo. Hakuna. Miaka ya kupiga kupamba ilikuwa imemfundisha asimwache bi harusi hata nukta, naye kamera yake ilimganda Zubeda vivyo hivyo. Kila sinia lina bega la Zubeda, kila kioo kina nywele za Zubeda. Kuujenga mji upya haiwezekani, nyumba imeingia wapangaji na dhahabu imerudi masandukuni, nyingine imeshakwenda rehani. Alijilaumu akataka kuitupa kamera kisimani.

Kisha Nana akatuma salamu kutoka Timbwani: baba kaanza kupapasa kuta. Kama ni kuja, njoo.

Johari hakumwambia mtu. Aliutia mkanda kifuani chini ya buibui akavuka feri. Alikuwa keshaamua. Atavunja yamini, Mungu atamhukumu, na Zubeda hatajua.

Nana alikuwa ameazima deki kwa jirani. Maalim aliketishwa karibu na televisheni, goti linagusa meza, kanzu imepigwa pasi kama siku ya Idi. Johari akaingiza mkanda, kidole kikaenda kwenye kitufe.

"Kabla hujaanza," Maalim alisema, "Sadafu kachezwa na nani?"

"Zubeda, Maalim. Mke wa Khamis."

"Nywele kazifunika?"

Angeweza kusema ndiyo. Ulimi ulikataa. "La, Maalim."

"Na mumewe karidhia nimuone?"

Maalim akangoja, mwalimu yule, kama anavyomngoja mtoto ambaye hakufanya kazi yake ya nyumbani. Mwisho Johari akatoa yote: msahafu, Biblia ya Kafedha, hofu ya Zubeda, na yeye alivyokuja kwa siri. Alisema machozi yanamtoka kwa hasira.

"Nana," Maalim alisema taratibu, "nigeuzie kiti."

"Baba!"

"Nigeuzie. Sauti zao hazinidhuru, nawasikia wakiimba harusini kila wiki."

"Lakini Maalim, jicho lako! Wiki ijayo huenda..."

"Likizima limezima. Mimi nimesomesha mama zao hao."

Kiti kikageuzwa, mzee akauangalia ukuta, mgongo kwenye televisheni. Mchezo ukaanza. Mzee alicheka Kafedha aliponguruma. Alishtuka aliposikia hadithi imewaruka ndege, akasema, "Afadhali." Johari alisimama baina yake na picha, akimweleza kila kitu ila wanawake: kanga zinavyopepea, moshi unavyopita, shaba inavyowaka. Mji ulipofika, maneno yakamwisha, akabaki anashika mgongo wa kile kiti, na Maalim akawa ameinamisha kichwa anasikiliza bangili zikilia. Nyuma yake ulikuwako mji wake mzima, naye hakugeuka.

Mwisho Sadafu akampata mamake, vigelegele, mkanda ukaisha.

"Imekwisha, Maalim," Johari alisema. "Hakuna mtu tena."

Maalim akainuka mwenyewe, akashika meza, akageuka. Kwenye kioo cha televisheni palikuwa na chenga tupu, zile nyeupe zinazochemka mkanda ukiwa hauna kitu. Akausogeza uso karibu, karibu sana, mpaka mwanga ukampiga machoni na ndevu zikawa nyeupe zaidi. Akakaa hivyo muda mrefu, mdomo wazi kidogo.

"Ah," alisema. "Kumbe mumeniachia hapa mwisho. Mji mtupu, bila watu."

Nana alimtazama Johari. Johari alimtazama Nana.

"Unavyometameta!" Maalim alisema. "Na maji yanakwenda juu yake. Sikuuandika vizuri hivi. Ndio wenyewe huu, Johari?"

"Ndio wenyewe, Maalim," Johari alisema.