Mgeni Aliyeleta Bei ya Dhahabu

Juzi, kwenye steshenari moja hapa Bomani, nilimkuta mama mchimbaji kutoka Nyakunguru akiomba leseni ya kikundi chake mtandaoni. Kikundi kingine kilikuwa kinalitaka eneo lilelile, na anayetangulia kuomba ndiye anayepata. Kila akikaribia kutuma, kivinjari kinajifunga chenyewe. Mara ya nne mwenye duka akasema, "Mtandao wa Tarime ndivyo ulivyo, mama."

Mama akaweka kiganja chenye vumbi mezani. "Sisi wachimbaji, duara letu, shimo la dhahabu, likibomoka hatulaumu udongo. Tunauliza nani ameingia mwisho. Hapa mmeingiza nini karibuni?"

Mwenye duka akajikuna shingo. Kulikuwa na programu ya bure inayoonyesha bei ya dhahabu juu ya kioo cha kompyuta. Wanunuzi wa dhahabu wanaokuja dukani ndio waliomsihi aiweke. Akapitisha kinga ya virusi, nayo ikaitaja hiyohiyo: jasusi, inanakili kila wanachoandika wateja na kukituma kusikojulikana, na ndiyo inayokiangusha kivinjari. Akaifuta, akawasha kompyuta upya, mama akabadilisha nywila. Ombi likaenda mara moja. Duka zima tukapiga makofi.

Sisi watu wa mjini tunafunga mlango kwa makufuli mawili, kisha yeyote akisema ana bei ya dhahabu tunamkaribisha hadi chumbani.

Mnunuzi mmoja akanung'unika kwamba sasa bei ataijulia wapi. Mama akaifunga karatasi ya ombi aliyochapishiwa kwenye pindo la kitenge.

"Dhahabu ninayo mimi," akasema. "Bei utakuja nayo wewe."