Hadithi Haisemwi Mchana

Nakumbuka siku moja Dani alipokataa kurekodiwa. Dani ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita nyanya. Alikuwa amekuja kwetu Kisumu Ndogo, hapa Kibera, kutibiwa macho, na kesho yake angepanda basi kurudi Siaya. Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Sijafika hata thelathini, lakini wewe uliyeniandikia kwamba unataka kufundisha historia ya watu weusi kwa video fupi, nikuite nani?

Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi hiyo. Nilitaka Dani asimulie juu ya babu yake, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza kule Tanganyika, wazungu walipopigana vita vyao vya kwanza. Katika ukoo alikuwa amebaki yeye tu aliyemsikia mzee huyo kwa masikio yake. Mchana jua huingia chumbani kwetu kupitia mlangoni. Nikamketisha hapo, simu nikaiegemeza kwenye debe la omena, dagaa wa ziwani anaouza Mama.

"Hadithi haisemwi mchana," akasema. "Mtoto akisikiliza hadithi mchana, haongezeki kimo."

"Dani, mimi nimemaliza kukua."

"Nani alikudanganya?"

Nikabishana, ndiyo tabia yangu. Chuo kikuu kilinifundisha kuuliza kwa nini, na sijaacha. Nikamwambia hii si hadithi ya sungura, ni historia. Akaendelea kuchambua omena. Nami nikazidi kuogopa, maana kesho angeondoka na habari yake.

Jioni Mama akarudi kutoka sokoni, na jirani yetu Baba Wafula, fundi seremala, akaingia kusalimia. Balbu yetu moja haioneshi hata sura vizuri. Dani akaanza bila kuombwa, nami nikawasha simu kurekodi.

"Babu alirudi mzima," akasema.

"Mzima wapi?" Mama akamkatiza. "Si ulituambia alikuwa anachechemea?"

"Hiyo ni baadaye. Alianguka akiezeka nyumba."

Wakavutana hapo, mpaka Baba Wafula akasema polepole, "Wa kwetu alichukuliwa pia. Hakurudi. Walizika mgomba badala ya mwili wake."

Miaka yote ya ujirani, hatukuwahi kulisikia hilo. Dani akamsogezea kikombe cha chai, kisha akanigeukia.

"Umeona? Mchana ungeniacha niseme peke yangu. Jioni wenye habari wako nyumbani. Nikipotea, wananirudisha."

Sijui kama hiyo ndiyo sababu ya mwiko au aliibuni pale pale. Husemwa penye wazee haliharibiki neno, nami nimesikia wazee wakiliharibu kabisa. Ila hao hawakuwa na wa kuwakatiza.

Video niliiweka mtandaoni na giza lake, ubishi sikuuondoa. Dani akapiga simu kutoka Siaya.

"Kuna aliyenikatiza?"

"Yuko kijana wa Kawangware. Ameandika kwamba nyanya yake anasimulia njia nyingine waliyopitia wabeba mizigo."

"Vizuri. Huyo nenda kwao. Uende jioni."

Nilienda.

Kwa hiyo, mwanangu, usimweke mtu mmoja mbele ya simu ukasema hiyo ndiyo historia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Keti penye watu wanaoweza kusema hapana, na wakisema, usiwafute, hata kama mwanga ni mbaya. Uliza kwa nini, kisha ungoje jioni.

Mungu akuongezee kimo, hata wewe unayedhani umemaliza kukua. Akupe wa kukusikiliza, na asikunyime wa kukukatiza.