Baiskeli ya Batri Mbele ya Bendera

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gereji ya zoni ya afya mjini Kasongo, mkuu wa gereji hakuniuliza kama najua kufungua injini. Aliniuliza kama nina watoto. Nikamjibu ninaye mmoja, wa kike, anaitwa Zawadi, bado ananyonya. Akafurahi.

"Njo vizuri," akasema; njo ya kwetu ni ndiyo. "Mutu mwenye mutoto anaogopa. Miye sitaki hapa fundi mwenye haogopi. Wauguzi wanapita mu pori na hizi pikipiki zetu. Freni ikikatika, usiseme ni Mungu. Ni weye."

Nikaanza kuogopa asubuhi ile ile, na kusema kweli sijaacha. Ninyi vijana mnaojifunza ufundi leo mna ruhusa ya kunicheka. Wenzangu walinicheka kabla yenu. Nilikuwa nakaza nati, naondoka, kisha narudi kuikaza tena. Muuguzi akitoka na chombo nilichokitengeneza, chakula hakishuki mpaka nisikie amefika.

Kwa miaka mingi kazi ilikuwa pikipiki. Kisha petroli ikawa ya shida. Ikifika Kasongo imechanganywa na maji, au haifiki kabisa. Na wenye silaha kwenye njia ya Kabambare walikuwa wameshaujua mlio wa pikipiki za afya. Walimwangusha mtu, wakaichukua, na mara nyingine hawakuishia kumwangusha. Ndipo wakubwa wakatuletea baiskeli za batri. Kwetu baiskeli tunaiita kinga, na watu wakasema afadhali, kinga inapita kimya. Mimi nami nilisema afadhali. Baadaye nikawaza kwamba chombo kinachopita kimya hata kuanguka kinaanguka kimya, na hakuna atakayesikia.

Nieleze chombo chenyewe. Za kwanza zilikuwa na mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mota ya namna hiyo inazungusha gurudumu moja kwa moja. Haina habari kama umeweka gia nyepesi au nzito. Kwenye barabara tambarare inakwenda vizuri. Lakini mimi nilitumwa Lusangi, kwa wakulima na wachimba dhahabu, na njia ya kule ni kupanda na kushuka. Mota ikipanda polepole na mzigo inameza umeme mwingi bila kuzunguka vya kutosha, inapata joto, na waya zake za ndani zinaungua. Muuguzi wa Lusangi alinirudishia moja inanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Niligusa kitovu, kidole kikababuka. Nikajiuliza ingekuwaje kama ni batri iliyoshika moto, na mtu amekaa juu yake.

Za pili zilikuja na mota katikati, pale pedali zinapozunguka. Hiyo inavuta mnyororo ule ule unaovutwa na miguu yako, kwa hiyo inafaidi gia. Ukipeleka mnyororo kwenye duara kubwa la meno kule nyuma, mota inazunguka upesi, baiskeli inapanda taratibu, na hakuna kinachoungua. Ubaya wake ni kula minyororo. Ukibadili gia huku unakanyaga kwa nguvu, mnyororo unakatika, nawe uko katikati ya mlima. Niliwaimbia wauguzi wote mpaka wakachoka nami: legeza mguu, badili gia, ndipo ukanyage.

Ndani ya mhimili wa pedali kuna kipimo kidogo. Kinapima uzito wa mguu. Ukikanyaga kidogo mota inasaidia kidogo, ukikanyaga sana inasaidia sana, papo hapo, bila kungoja pedali izunguke. Kwenye mlima ni neema tupu. Lakini kipimo hakijui kama unataka kwenda au umepumzisha mguu tu. Hilo lilinitisha tangu nilipoisoma ile mota, na nilimwambia kila muuguzi azime ufunguo wa batri kila anaposimama. Wakanijibu ndiyo, Papa, kama watu wanavyomjibu mzee.

Kisha nikahamishiwa Kabambare. Zawadi alikuwa amemaliza shule ya wauguzi, na daktari mkuu wa zoni akamweka kule kule kuwa mzalishaji, yaani mkunga, wa vijiji vya njia ya Wamaza. Akampa baiskeli. Nilimshukuru yule daktari kwa mdomo, moyoni nikamlaani.

Kwenye kila kizuizi cha barabarani walituuliza swali moja: hii ni kinga au pikipiki? Pikipiki inatakiwa kuwa na plaki ya namba, na dereva awe na kibali. Kinga inapita bure. Mwishowe msimamizi wa teritwari, mkubwa wa serikali wa eneo lote lile, akatuita bironi, yaani ofisini kwake, mimi na Zawadi, na baiskeli yetu tukaingia nayo. Alikuwa mtu mnene, wa maneno machache.

"Hii mota inatembea yenyewe?"

"Hapana, shefu. Inasaidia tu. Usipokanyaga, haiendi. Na mwendo ukizidi, inajikata."

"Basi iko kinga. Lakini musikie vizuri. Siku nitaiona inaenda pasipo mutu kukanyaga, njo pikipiki. Nitazifunga zote mu depo mpaka plaki zitoke Kindu. Na plaki za Kindu munazijua."

Tulizijua. Kuna watu wamezeeka wakizingoja. Tulipotoka nje Zawadi alinicheka kwamba shati langu lote limelowa jasho.

Siku niliyoiogopa ilikuja wakati wa masika. Tulimfuata mwanamke mmoja, jina lake Salima, kijijini kwake upande wa Wamaza. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Zawadi alimpakia nyuma yake juu ya mto mnene, nami nikafuata kwa baiskeli nyingine, nimebeba batri ya akiba. Tuliingia Kabambare asubuhi. Ilibaki kupita mbele ya ofisi ya teritwari tu, hospitali iko ng'ambo yake. Ndipo filimbi ikalia.

Kwetu, bendera inapopandishwa, kila aliye njiani anasimama pale pale alipo. Mwenye beseni kichwani anasimama, na mwenye homa pia. Mikono inashuka, mwili unanyooka, hakuna hata kujikuna mpaka filimbi ya pili. Mbuzi peke yao ndio wana ruhusa.

Zawadi alisimama jinsi waendesha kinga wote wa kwetu wanavyosimama tangu utotoni: mguu wa kushoto chini, wa kulia juu ya pedali. Salima naye akashusha miguu kusaidia kuishika baiskeli. Ukishika freni, zile breki za mkononi, mota inakatika, na huo ndio ulinzi wake. Lakini Zawadi hakuwa ameuzima ufunguo, na mikono yake haikuwa kwenye freni. Ilikuwa imenyooka kando ya mapaja, kama tulivyofundishwa sote shuleni. Mimi nilikuwa nyuma yao, na mikono yangu imenyooka vilevile. Nikauona ule mguu wa kulia juu ya pedali. Ningepigaje kelele, bendera ikiwa nusu ya mlingoti?

Uchungu ukamrudia Salima. Akamkumbatia Zawadi kiunoni, akamwegemea kwa uzito wake wote. Mguu wa Zawadi ukazama na pedali. Baiskeli ikaruka nao wawili, ikavuka njia, ikaanguka kwenye mawe yaliyopakwa chokaa chini ya mlingoti. Mguu wa Zawadi ulinasa chini ya fremu, ukawa bado unakandamiza pedali, na gurudumu likazunguka hewani. Pindo la kitenge cha Salima likaingia kwenye mnyororo. Kitenge kikaanza kuvutwa, nacho kilikuwa kimefungwa chini ya lile tumbo.

Polisi mmoja akakoki bunduki.

"Hakuna mutu kusogea!"

Hakuna aliyesogea. Vijana, msinitafutie ushujaa hapa, sina. Niliiogopa ile bunduki. Lakini ule mnyororo niliuogopa zaidi, kwa sababu niliujua. Nikatembea. Sikukimbia, kwani anayekimbia ndiye anayepigwa risasi. Nilitembea na mikono juu, nikipita katikati ya watu waliosimama kama miti, nikapiga magoti, nikazungusha ufunguo chini ya batri. Gurudumu likasimama. Nikabaki pale chini, mdomo wa bunduki kisogoni, na Salima akikamua vidole vyangu, mpaka filimbi ya pili.

Msimamizi wa teritwari akashuka ngazi. Akaitazama baiskeli, akamtazama Zawadi aliyekuwa anatoka damu gotini, kisha mimi.

"Ulisema nini mu biro yangu?"

"Nilisema haiendi pasipo kukanyaga, shefu."

"Na miye nimeona nini?"

Salima ndiye aliyetuamulia, kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni: "Mutagombana kisha! Mutoto anakuja!"

Yule polisi wa bunduki akaitupia mgongoni, akamshika Salima mabega, mwenzake akamshika miguu, wakampeleka mbio. Alijifungua salama, yeye mzima na mtoto mzima. Lakini baiskeli ziliingia depo zote. Nilipomweleza msimamizi habari za kile kipimo, akasema atasamehe plaki, ila baiskeli hazitoki mpaka nitoe kile kitu kinachoruka.

Nikakitoa. Mahali pake nikaweka kipimo cha mzunguko, ambacho hakijali uzito wa mguu. Kinangoja pedali izunguke kwanza ndipo kiamshe mota. Zawadi alisimama juu ya pedali mbele ya msimamizi, baiskeli ikatulia. "Sasa iko kinga," akasema msimamizi. Nilifurahi kama mtu aliyepona. Muda wangu wa pensheni ukafika, nikarudi Kasongo kwenye shamba la mihogo, na kwa mara ya kwanza toka nianze kazi nikalala usingizi wa kweli.

Kumbe nililala bure. Kwenye mlima, ukiwa na mgonjwa nyuma na baiskeli imesimama, pedali haizunguki kwa miguu mitupu. Isipozunguka, mota haiamki. Mgonjwa inabidi ashuke atembee. Zawadi hakuniambia hayo kwenye simu. Juzi amekuja mwenyewe na baiskeli yake, akakaa, akakataa hata maji. Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Wamaza, alikuwa anatoka damu. Walikwama kwenye mlima wa mwisho. Alimshusha, wakatembea kidogo, yule mama akaomba akae kwenye majani. Hakuinuka tena.

"Mabati ya hospitali tulikuwa tunayaona, Papa," akaniambia. Kisha: "Rudisha kile kipimo cha kwanza."

"Na amri ya shefu? Na siku utasahau ufunguo mbele ya bendera? Watakupiga risasi, mwanangu."

"Nikisahau, watanipiga miye. Yule mama hakusahau kitu."

Nilikirudisha; nilikuwa nimekitunza kwenye sanduku langu la vyombo. Ninajua kwamba nimeivunja amri. Ninajua pia kwamba siku ikiruka tena zitafungwa zote, kama si jambo baya zaidi. Niliyajua yote hayo huku nakaza nati, nikarudi nikaikaza tena.

Mnaniuliza ufundi umenifunza nini. Nilidhani kazi yangu ni kuondoa hatari. Kumbe nilikuwa naihamisha tu, kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na siku nilipokitoa kile kipimo sikuuliza inakwenda kwa nani.

Zawadi ameondoka jana. Alilala njiani, na leo asubuhi alipaswa kupita mbele ya ofisi ile. Amesema atanipigia akifika hospitali. Filimbi ya hapa Kasongo imeshalia, basi na ya kule imelia. Simu iko mapajani mwangu, bado haijalia. Mke wangu amepita mara nyingi akiniuliza ninaandika nini, nami ninamwambia ni mambo ya kazi.