Mkono wa Kushoto wa Alida

Alida Nshimirimana anauza ndagala, dagaa wakavu, pale soko la Misiera katika kambi yetu ya wakimbizi, na mimi Georgette nauza nyanya meza ya pili. Kila alasiri tukishafunika bidhaa, huenda nyuma ya maduka kujifunza karate, mama mzima wa watoto wanne! Nilimcheka mpaka nikachoka.

Ngumi yenyewe ni rahisi kuieleza: mkono wa kulia unakwenda mbele umenyooka, wa kushoto unarudi kiunoni kwa nguvu ileile. Wa Alida ulikuwa haurudi. Ulipanda wenyewe ukashika kiwiko cha kulia, vile Warundi wanavyolelewa kumsalimia mkubwa. Akipiga hewa, hana shida. Akisimama mbele ya mtu aliyemzidi umri, adabu inamtangulia.

"Alida, ile ni ngumi, hapana bonjour!" alimfokea mwalimu wake Appolinaire, Mkongomani mwenzangu mwenye mvi. "Mukono ya kushoto ibakie ku kiuno!"

Mwezi huu Appolinaire anahamia Kanada. Wasichana kumi na wawili anaowafundisha watabaki bila mtu, isipokuwa Alida akifaulu mtihani wa mkanda mjini Mbarara na kupewa ruhusa ya kufundisha. Alikonda kwa wasiwasi, nami nikaacha kucheka. Jumamosi nilimsindikiza hadi ukumbi wa mtihani, mtaa wa Kakiika huko Mbarara.

Mtahini, mzee wa Kinyankore, akasimama mbele yake na kumwambia apige, ngumi isimame karibu na kifua. Alida akapiga. Mkono wa kushoto ukapanda. Akarudia, ukapanda tena.

"Wewe nasalimia mimi ama napiga mimi?" mzee akauliza. Ukumbi mzima ukacheka. Nilitamani kuwazaba vibao wote.

Alida akafumba macho kidogo. "Muzee, naomba kwanza nikusalimie."

Akamsogelea, akampa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, akainama. Akauliza habari za nyumbani, za wajukuu, hata za ng'ombe. Mzee akajibu zote. Kisha Alida akarudi mahali pake, akajipanga.

"Sasa tumemaliza," akasema, akapiga.

Ngumi ilisimama upana wa kidole kutoka kifuani, shati la mzee likatikisika. Mkono wa kushoto ulikuwa kiunoni. Akapiga mara kumi, zote hivyo hivyo. Machozi yalinitoka, sifichi.

Mzee akaandika, akatia sahihi. "Wasichana yako iko ngapi?"

"Kumi na watatu."

Nikataka kumsahihisha, maana hesabu yao naijua. Halafu nikaona ananitazama mimi.