Neno Lililobomoa Nyumba ya Shangazi

Katika miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatutawala, nilikuwa mwalimu kijana hapa Uvira, nimeoa karibuni, na nilikuwa nimeshikwa na kichaa cha maneno marefu ya Kiingereza. Baharia mmoja wa meli ya Kigoma alinipa diksionere kuukuu isiyo na jalada, nami nikampa kikapu cha ndakala wakavu, dagaa wa ziwani kwetu. Hakuna aliyenifundisha lugha hiyo. Lakini Kifaransa nilikijua tangu shule, na nilipofungua zile kurasa nilikuta maneno mengi marefu ni yaleyale.

Nikaanza kuyapanga kwenye kaye, daftari langu, kwa herufi zake za mwisho. Ukurasa mmoja ulikuwa wa yale yanayoishia na t-i-o-n: consideration, administration, communication. Mwingine ulikuwa wa a-b-l-e: considerable, incomparable, impenetrable, inhabitable. Maana sikuzitafuta. Ya nini, na minye nilikuwa nazijua tayari kwa Kifaransa? Maneno mafupi kama though sikuyapenda. Hayakufanana na kitu chochote, kwa hiyo niliyaruka.

"Unaandika hayo yote ya kazi gani?" mke wangu aliniuliza.

"Sasa najua Kiingereza," nikamjibu.

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa akiishi kwetu tangu mumewe alipofariki. Marehemu alikuwa mtu wa Ujiji, na alimwachia huko nyumba ya vyumba vinne. Ndani walikaa wapangaji, na shemeji yake aliiangalia. Masika moja mvua ilinyesha vibaya upande ule, kisha ikaja barua kutoka biro, ofisi ya serikali ya Kigoma. Kwa kawaida walimwandikia kwa Kiswahili. Safari hii iliandikwa kwa Kiingereza; nadhani karani aliona kwamba barua inayovuka kwenda kwa Wabelgiji iandikwe kizungu.

Shangazi alikuwa uani, anachagua mawe katika mchele wa Sange. Akaweka ungo chini. "Nisomee."

Bado nayakumbuka maneno yenyewe: Though the back wall is cracked, the house is inhabitable. Chini yake walimwomba mwenye nyumba aseme anataka ifanyweje. Nilifurahi kuliona lile neno refu, kama mtu aliyekutana na rafiki ugenini. Kwa Kifaransa neno hilo, kwa herufi hizohizo, ni mahali pasipokalika.

"Ukuta wa nyuma umepasuka," nikasema. "Nyumba haikaliki tena."

"Haikaliki kabisa?"

"Kabisa, Shangazi. Neno iko hapa."

Hakulia. Alinyoosha kidole akaigusa karatasi mahali nilipomwonyesha. Kisha akasema, "Mule kuna watoto. Waandikie waibomoe upesi, isije ikaua watoto wa watu. Mbao na mabati shemeji aviweke."

Niliandika jibu siku ileile, kwa Kiingereza, nikalipigia mstari neno demolition. Shangazi akatia kidole gumba.

Baada ya majuma kadhaa nilikutana na yule baharia bandarini kwetu Kalundu. Hakunicheka kama siku zote.

"Mwalimu, shangazi yako iko na ugomvi na wapangaji wake?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Nimepita pale Ujiji. Nyumba imeshushwa yote. Watu wa biro walipofika na barua, mama mmoja alikuwa anapika ndani. Shemeji mtu alibisha sana, akasema ule ufa ni wa kuzibwa kwa udongo tu. Wakamwonyesha kidole gumba cha mwenyewe."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilifungua diksionere nikasoma maana ya neno lile kwa mara ya kwanza: panapofaa kukaliwa na watu. Nikadhani kitabu kimekosea chapa. Nikatafuta mbele, mbali kabisa, kwenye herufi u, nikalikuta lingine, refu zaidi: uninhabitable. Hilo ndilo lililokuwa na maana niliyomwambia Shangazi. Kisha nikatafuta though: ingawa. Nikaisoma upya ile barua kichwani: ingawa ukuta wa nyuma umepasuka, nyumba inakalika.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Umwambie weye mwenyewe," akasema. "Leo."

Nilimwambia Shangazi nikiwa nimepiga magoti. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akanitaka nirudie tena.

"Kwa hiyo barua ilisema nyumba ni nzima."

"Ndiyo."

"Na minye nikasema ivunjwe."

"Ulisema kwa sababu yangu, Shangazi."

Nilitamani anipige. Halafu akainuka, akaingia chumbani, akaanza kufunga nguo zake katika kanga. "Meli inaondoka lini?" akauliza kutoka ndani.

Likizo ilipoanza nilivuka naye. Pale Ujiji nilikuta kuta za ndani, za rangi ya buluu, zimesimama nusu juani, na mafiga matatu bado yana majivu. Yule mama mpangaji alikuwa anaokota vipande vya chungu.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo mimi."

Alinitazama tu, akaendelea kuokota. Miaka mingi imepita na bado uso ule ukinijia nafumba macho.

Likizo yote nilifyatua matofali. Shemeji alikuwa amehifadhi mabati, na kwa mbao zilizosalia tuliinua vyumba viwili. Nilidhani kimoja kitakuwa cha kulala na kingine cha vyombo. Shangazi alimwita yule mama na wanawe, akawapa kile kikubwa, bila kodi. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu bila kugeuka, "Walipomtoa, kuna aliyemuuliza?"

Hakurudi tena kuishi Uvira. Hakunigombeza hata siku moja. Niliporudi kwenye meli alinisindikiza mpaka Kigoma kwa miguu, na tulipoagana alinitengeneza kola ya shati kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.